Mfumo na Mkosaji: Fikra ya Kimfumo na Suala la Lawama katika Masaibu ya Ziwa Viktoria

Utangulizi

Swali ambalo msomaji wa fasihi huliuliza kwanza anapokutana na janga katika kazi ya sanaa ni hili: nani wa kulaumiwa? Ngano za kimapokeo za Afrika Mashariki hulijibu bila kusita. Zimwi huuawa, kidole chake hukatwa, na watu na mifugo wote waliomezwa hutoka wakiwa hai. Tamthilia ya Sophocles kuhusu Mfalme Oedipus hulijibu kwa uchungu zaidi, lakini muundo wake ni ule ule: maradhi yanayouangamiza mji wa Thebes yana chanzo katika mtu mmoja, naye akishatambuliwa na kuondolewa, mji hutarajiwa kupona. Katika Kiswahili, falsafa hiyo imefupishwa katika methali isemayo kwamba samaki mmoja akioza, wote huoza. Ubaya una mahali pake. Ukitafutwa utapatikana, na ukitupwa nje kapu litasalimika.

Makala haya yanachunguza hali ambapo falsafa hiyo inashindwa. Yapo masaibu ambayo ndani yake kila mtendaji ana sababu inayoeleweka, wala hakuna aliyenuia matokeo, na hata hivyo matokeo ni maovu na yanaendelea. Fikra ya kimfumo, iliyokuzwa na wanasayansi wa karne ya ishirini, inadai kuyaeleza masaibu ya namna hiyo. Suala linalotukabili ni la kimaadili: je, kulieleza tatizo kwa misingi ya mfumo ni kumwondolea lawama kila aliyeshiriki? Mfano utakaotumiwa ni ule wa Ziwa Viktoria na samaki aitwaye mbuta nchini Kenya na sangara nchini Tanzania. Mfano huo utahusishwa na kazi kadhaa za sanaa, kwa kuwa namna jamii inavyosimulia tatizo ndiyo inayoamua namna itakavyolihukumu.

Dhana ya Mfumo

Ludwig von Bertalanffy, mwanabiolojia kutoka Austria, ndiye anayehusishwa zaidi na nadharia ya jumla ya mifumo, ambayo aliikusanya katika kitabu kilichotoka mwaka wa 1968. Nchini Marekani, Jay Forrester alianza katika miaka ya 1950 kuchunguza jinsi viwanda, na baadaye miji, inavyobadilika kadiri ya wakati. Donella Meadows, mmoja wa waandishi wa ripoti ya mwaka wa 1972 kuhusu mipaka ya ukuaji wa uchumi duniani, aliyafafanua mawazo hayo kwa lugha nyepesi hadi alipofariki mwaka wa 2001. Wote watatu wanakubaliana juu ya jambo moja la msingi: mfumo ni mkusanyiko wa vitu vinavyohusiana kiasi kwamba mwenendo wa jumla hauwezi kuelezwa kwa kukitazama kila kimoja peke yake.

Dhana tatu ni za lazima hapa. Ya kwanza ni limbiko, yaani kitu kinachojaa au kupungua polepole, kama vile samaki ziwani au rutuba majini. Ya pili ni mrejesho, yaani hali ambapo tokeo hurudi na kuwa sababu ya chanzo chake lenyewe. Ya tatu ni muda unaopita baina ya tendo na athari yake.

Itakuwa kosa kudhani kwamba mambo haya ni mageni katika fikra za Waswahili. Haba na haba hujaza kibaba ni kauli kuhusu limbiko. Usipoziba ufa utajenga ukuta ni onyo kuhusu kasoro ndogo inayojikuza yenyewe. Majuto ni mjukuu inakwenda mbali zaidi: haisemi tu kwamba majuto huja baadaye, bali kwamba kati ya tendo na majuto kuna kizazi kizima ambacho hakikuyaona. Nayo mchuma janga hula na wa kwao inakiri kwamba mavuno ya kosa hayamrudii mkosaji peke yake. Methali hizi nne zinapingana na ile ya samaki aliyeoza. Hiyo moja inatafuta mtu. Hizi zinatazama mahusiano na wakati. Jamii iliyozihifadhi zote ilijua, bila shaka, kwamba kuna makosa ya aina mbili, na kwamba hekima ni kutambua ni lipi linalokukabili.

Ziwa na Watendaji Wake

Ziwa Viktoria lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800. Kenya inamiliki karibu asilimia 6 tu. Sehemu iliyobaki ni ya Uganda na Tanzania. Mto Kagera huleta maji kutoka Rwanda na Burundi, na mito Nzoia, Yala, Nyando na Sondu huteremsha maji na udongo kutoka nyanda za juu za Kenya. Ziwa hilo, kwa hiyo, hupokea matokeo ya maamuzi yanayofanywa na wakulima ambao huenda hawajawahi kuliona.

Reli ilipofika Kisumu mwaka wa 1901, samaki wa ziwani walipata soko la mbali. Nyavu za kigeni zilifuata, na ngege, samaki aliyependwa kuliko wote, akaanza kupungua. Mtafiti Mwingereza Michael Graham alilipima ziwa kati ya 1927 na 1928, akapendekeza kwamba nyavu zenye matundu chini ya inchi 5 zisitumiwe. Katika taarifa yake ya mwaka wa 1929 alionya pia kwamba kuleta samaki mkubwa mlaji wa wenzake kutoka kwingineko kungekuwa hatari kubwa iwapo hakungetanguliwa na utafiti wa kina. Mwaka wa 1960 mwanabiolojia Geoffrey Fryer alirudia pingamizi dhidi ya mpango huo. Hata hivyo, mbuta alitiwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nia haikuwa mbaya. Ziwa lilijaa samaki wadogo wenye mifupa mingi waitwao fulu, ambao machoni pa maofisa wa uvuvi hawakuwa na thamani. Ilionekana busara kuwageuza kuwa nyama ya samaki mkubwa.

Kwa miaka ishirini hivi hapakuonekana badiliko kubwa. Kisha, kufikia miaka ya 1980, mbuta aliongezeka ghafla, na jamii nyingi za fulu zikatoweka. Watafiti wengi hukadiria kwamba aina 200 hivi zilipotea. Yafaa kutilia mkazo muda huo wa kimya. Yeyote aliyeuliza mwaka wa 1970 kama maonyo yalikuwa na msingi angejibiwa kwamba ziwa li salama. Majuto yalikuwa bado hayajazaliwa.

Mbuta alileta fedha. Viwanda vya kuchuna minofu vilijengwa Kisumu, Mwanza na kwingineko, na minofu ikasafirishwa hadi Ulaya. Wakati huohuo minyororo mingine ilijifunga. Fulu walianikwa juani. Mbuta ana mafuta mengi, hivyo alihitaji kubanikwa au kukaangwa, na kuni zikatafutwa. Miti ilipopungua na mashamba yakapanuka, udongo na mbolea viliteremka ziwani, vikarutubisha miani, nayo miani ilipooza ikala hewa ya maji ya vilindini. Gugumaji, mmea wenye asili ya Amerika ya Kusini, lilipoonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, lilikuta maji yamekwisha kurutubishwa. Katika muongo uliofuata lilifunga bandari na fuo za Ghuba ya Winam. Fukusi walaji wa gugu hilo walipoletwa, na hali ya anga ilipobadilika mwishoni mwa miaka ya 1990, lilipungua sana. Lakini baada ya miaka michache lilirudi, kwani rutuba iliyolilisha haikuwa imeondolewa.

Wavuvi nao waliingia katika mrejesho wao wenyewe. Samaki walipopungua, mvuvi aliongeza nyavu au akapunguza ukubwa wa matundu. Wote walipofanya hivyo, samaki walizidi kupungua, na sababu ya kuongeza nyavu ikapata nguvu zaidi. Bei ilipopanda kwa sababu ya uhaba, ilifaa kumsaka hata samaki wa mwisho. Wakala wa kiwanda alimkopesha mvuvi nyavu na mashine, na deni likamfunga mvuvi asiweze kupumzika. Hakuna hata mmoja wa hawa aliyetaka ziwa life. Mvuvi aliyepunguza nyavu zake peke yake hangeliokoa ziwa. Angewaachia jirani zake samaki, na watoto wake njaa.

Jambo moja linaitatiza hata zaidi hukumu ya haraka. Mbuta alipovuliwa kupita kiasi, baadhi ya jamii za fulu zilizodhaniwa kuwa zimepotea zilianza kuonekana tena. Uvuvi wa kupindukia, ambao kwa kawaida huhesabiwa kuwa dhambi dhidi ya ziwa, ulikuwa pia ahueni kwa waliokuwa wakiliwa. Tendo lile lile lilikuwa jeraha na dawa.

Sanaa na Mkosaji

Je, sanaa inaweza kuyasimulia haya? Filamu ya Hubert Sauper ya mwaka wa 2004, *Darwin's Nightmare*, ilijaribu. Iliuonyesha mji wa Mwanza ambamo minofu ya sangara hupakiwa katika ndege kubwa za kwenda Ulaya huku wenyeji wakikaanga mapanki, yaani mifupa na vichwa vilivyobaki; nchini Kenya mabaki hayo huitwa mgongo wazi, jina lenye kejeli yake yenyewe. Filamu hiyo ilifaulu kuunganisha vitu ambavyo kwa kawaida hutazamwa mbalimbali: samaki, ukahaba, ndege, silaha, njaa. Mwaka wa 2006 Rais Jakaya Kikwete aliishutumu hadharani kwa kuichafua nchi. Mgogoro huo wafaa kutazamwa kihakiki. Filamu iliona mfumo, lakini ikausimulia kwa muundo wa ngano ya zimwi: samaki mla wenzake akawa ishara ya Ulaya, na mtazamaji akaondoka akimtafuta mwovu. Waliojitetea nao walifanya vivyo hivyo; zimwi lao likawa mtengenezaji filamu. Mfumo wenyewe ulibaki bila kujadiliwa.

Riwaya ya *Rosa Mistika* (1971) ya Euphrase Kezilahabi, mwandishi aliyezaliwa Ukerewe, kisiwa kilicho ndani ya ziwa hilihili, inatoa mfano wa ndani zaidi. Wahakiki wamejadili mno ni nani aliyemwangamiza Rosa: ni baba yake Zakaria kwa ukali wake, ni wanaume waliomdanganya, ni shule, ni yeye mwenyewe? Mjadala huo una kasoro ya kudhani kwamba jibu moja likikubaliwa mengine yataanguka. Riwaya yenyewe inaonyesha mzunguko. Zakaria anamfungia binti yake ili asiharibiwe; kwa kufungiwa, binti hajifunzi kujitawala; akiwa mbali na mzazi wake anaanguka; na anguko lake linaonekana kuthibitisha kwamba ukali ulihitajika. Hapa riwaya inakutana na hoja aliyoitoa Forrester mwaka huohuo wa 1971, kwamba katika mifumo ya jamii watu mara nyingi hushika mahali penye nguvu ya kubadili mambo, lakini husukuma kuelekea upande usiofaa. Zakaria alishika mahali panapostahili, yaani malezi, akasukuma kinyume.

Tamthilia ya Ebrahim Hussein, *Kinjeketile* (1969), inaliweka suala la wajibu waziwazi. Kinjeketile anawapa watu maji na neno la umoja. Neno hilo linakua, linapata tafsiri ambazo yeye mwenyewe anazitilia shaka, na vita vinaanza kabla ya wakati alioutaka. Tokeo limemzidi mwanzilishi wake kimo. Hata hivyo, Hussein hamwachi ajitenge nalo. Mwishoni, akiwa mikononi mwa Wajerumani, Kinjeketile anakataa kuyakana maji, kwa kuwa anajua kukana kwake kutawafanyia nini watakaozaliwa. Hapa pana fundisho la kimaadili ambalo nadharia ya mifumo peke yake haina: mtu anaweza asiwe bwana wa matokeo ya tendo lake, na bado akawajibika kuhusu nafasi aliyo nayo ndani ya matokeo hayo sasa.

Pingamizi: Lawama ya Wote

Pingamizi kubwa dhidi ya fikra ya kimfumo ni kwamba inawafaa wenye nguvu. Mahali ambapo kila mmoja amechangia, hakuna anayeshtakiwa. Mwenye kiwanda atasema ni soko. Ofisa atasema ni idadi ya watu. Mnunuzi wa Ulaya atasema hakujua. Lawama ikigawanywa kwa wote huwa nyepesi kiasi kwamba hakuna anayeihisi begani mwake. Pingamizi hili ni la haki, na wanaoipenda nadharia ya mifumo hawajalijibu vya kutosha daima.

Jibu linalopendekezwa hapa lina sehemu mbili. Kwanza, kuchora mpaka wa mfumo ni tendo la kimaadili. Garrett Hardin, katika insha yake maarufu ya mwaka wa 1968 kuhusu mali ya pamoja, alichora mpaka uliowazunguka watumiaji wenye tamaa na malisho yao tu. Ndani ya mpaka huo, maangamizi hayakuepukika. Elinor Ostrom, katika kitabu chake cha mwaka wa 1990, aliuchora upya. Aliingiza mazungumzo, kanuni za wenyeji, walinzi wanaowajibika kwao na adhabu zinazopanda ngazi kwa ngazi, akaonyesha jamii kadhaa, wakiwemo wavuvi wa Alanya nchini Uturuki, zilizotunza mali ya pamoja bila kuiangamiza. Vivyo hivyo, aliyelihesabu Ziwa Viktoria kwa tani za minofu aliwaacha nje wanawake waliokuwa wakiwaanika na kuwauza fulu. Kutoonekana kwao kwenye hesabu hakukuwa ajali. Mtu aliuchora mpaka, na anaweza kuulizwa.

Pili, mfumo hauifuti lawama bali unaibadili. Badala ya kuuliza tu nani alitenda, yafaa kuuliza mambo matatu: nani aliweza kujua, nani aliweza kubadili, na nani alinufaika kwa kutobadili? Kwa vipimo hivi watendaji hawalingani. Mvuvi mwenye deni hakuweza kubadili mengi. Waliosoma onyo la 1929 na pingamizi la 1960 kisha wakaendelea waliweza kujua. Mkopeshaji aliyeweka masharti ya deni aliweza kubadili, na alinufaika. Wote wamo ndani ya mfumo mmoja, lakini hawamo kwa kiasi kimoja.

Vipimo hivi vinajaribiwa vikali zaidi na uhusiano uitwao jaboya katika fuo za Kenya, ambapo mwanamke mchuuzi hulazimika kumpa mvuvi mwili wake ili auziwe samaki. Kadiri samaki walivyopungua, ndivyo wanunuzi walivyozidi kushindana na mvuvi akazidi kuwa na nguvu. Virusi vya UKIMWI vilipita katika njia hiyohiyo. Mhubiri atawalaumu wawili hao. Mwenye nadharia ataulaumu upungufu wa samaki. Kila mmoja ana nusu ya ukweli. Mvuvi anayedai mwili wa mwenzake hadaiwi na mfumo kufanya hivyo. Anaweza kujua na anaweza kukataa, na kwa tendo hilo hana pa kujificha. Lakini anayeishia kwa kumkemea mvuvi atakuwa akikemea tena kesho, kwa kuwa mashua zitarudi na samaki wachache, na wanawake watakuwa wakingoja ufukoni kama jana.

Katika ufuo wa Nduru, kaunti ya Kisumu, lilijaribiwa jambo tofauti kuanzia takriban mwaka wa 2011: baadhi ya wanawake walipata mashua zao wenyewe, wakawaajiri wavuvi. Hapakuhitajika mahubiri mapya wala sheria mpya. Kilichobadilika ni mwenye chombo, na kwa hilo mwenye kuomba akawa mwenye kuajiri. Hapo ndipo mahali penye nguvu palipopatikana na kusukumwa upande ufaao. Hata hivyo, mwaka wa 2020 maji ya ziwa yalipanda, mafuriko yakaufunika ufuo huo, na wengi wakahama. Mfumo mdogo uliorekebishwa ulikuwa ndani ya mkubwa zaidi usiorekebishwa. Hilo halibatilishi kilichofanyika, wala halimwondolei wajibu anayeweza kukifanya tena.

Hitimisho

Imebainika kwamba fikra ya kimfumo na fikra ya mkosaji haziondoani. Bila ya kwanza, jamii humfukuza Oedipus na maradhi yakabaki mjini. Bila ya pili, kila mtu huelewa maradhi na hakuna anayeinuka kutibu. Mkataba wa mwaka wa 1994 uliounda shirika la uvuvi la nchi tatu ulikuwa ungamo kwamba ziwa ni moja. Lakini ungamo hilo halina maana mpaka kila nchi, kiwanda na ufuo ukubali sehemu yake kwa kadiri ya uwezo wake.

Kwa uhakiki wa fasihi, hoja hii inadai mabadiliko katika usomaji. Kuwagawa wahusika kuwa wema na waovu, mtindo ambao bado umeenea madarasani, hakutoshi kwa kazi zinazosawiri masaibu yasiyo na zimwi. Mhakiki hana budi kuuliza pia ni uhusiano upi unaowafanya watu wa kawaida kuzalisha maovu, ni nani ndani ya uhusiano huo mwenye mkono huru kuliko wenzake, na mwandishi amemfanya nini mhusika huyo. Mjukuu aitwaye majuto hazaliwi na samaki mmoja aliyeoza. Ana mababu wengi, na baadhi yao walionywa.